Daktari ya Kondoo Alikataa

Mimi kazi yangu ni kunenepesha kondoo. Nakuambia hiyo kwanza ndio usishangae huko mbele ukisikia vile binti yangu alitoka Nyeri town na dawa kwa mkoba, akitaka kunidunga.

Hapa kwetu upande wa Mukurweini, ukipeleka mahari kwa watu, iko kondoo lazima iende nayo. Si kondoo ya kukimbizana nayo kwa barabara. Ni ile tunaita ngoima. Ni dume imehasiwa ikiwa ndogo, ikafungiwa kwa chumba yake, giza kidogo, ikaletewa majani ya viazi tamu na chumvi mpaka ikasahau miguu ni ya nini. Watu wanatoka Murang'a, wengine wanatoka mpaka Kagio kule chini kwa mashamba ya nyanya, wanauliza njiani, mama ya ngoima anakaa wapi. Wale wavivu wananunua kondoo yoyote tu sokoni Gakindu, na wakifika nayo, wazee wa ule upande wanashika mgongo wanaulizana, "Hii wametuletea kondoo ama wametuletea koti?" Yangu hakuna mzee amewahi kuiuliza hivyo.

Mimi siangalii kondoo na macho. Macho inadanganywa na manyoya. Naweka vidole kwa mgongo, nabonyeza polepole mpaka karibu na mkia. Vidole vikigonga mfupa, bado. Vikizama kama vimeingia kwa ugali ya moto, hapo mwenyewe, yule wa kununua, aitwe. Na watu pia nawashika. Mtu akinisalimia naweka mkono kwa bega kidogo na najua nyumbani kwake wanakula nini. Pasta wetu siku hizi ananisalimia akiwa mbali.

Mimi mwenyewe ni mnene. Nimekuwa mnene tangu nikiwa msichana, na mzee wangu alinioa hivyo, na hakuna siku alilia. Nabeba nyasi na mgongo, kamba kwa kichwa, kutoka shamba ya chini kule mtoni mpaka hapa juu, na ukiona hiyo kilima utaniambia kama mtu anaweza kuipanda kila siku akiwa mgonjwa. Mzee ndio aliondoka mbele. Alianguka katikati ya kahawa asubuhi, mdomo ikaenda upande moja, na kutoka hiyo siku hakuinuka tena mpaka tukamzika. Huyu binti yangu ndiye alikuwa anamgeuza na kumwosha, kila jumamosi na kila jumapili, akitoka kazi ya ofisi huko Nyeri. Hiyo nakuambia ndio usimchukie. Mimi nitamcheka, lakini wewe usimchukie.

Sasa huyu binti amepewa jina ya mama yangu, vile desturi yetu iko. Kwa hivyo mimi namwita mami. Na yeye, kwa sababu ni mimi nilimzaa, ananiita mami. Fikiria nyumba iko na mami wawili na hakuna mtoto.

Hiyo maneno yote ilianza na kopo ya kakao. Kule zahanati iko daktari, kijana mzuri, mtu ya kutoka kule ziwani, mrefu mpaka anainama kwa mlango. Alikuwa amenitoa damu, akaangalia karatasi, akaniambia na ile sauti yake ya kutoka kifuani, na ulimi ya ziwani inayogeuza shosho, yaani nyanya, ikawa sosho, "Sosho, wewe iko na sida. Hii damu yako iko na mafuta mingi." Mimi nikamjibu na sauti yake, "Sida gani, daktari?" Akacheka mpaka akashika meza. Lakini hakuacha. Akanipatia dawa ya kumeza kila jioni, akasema hiyo nitameza siku zote. Nikameza wiki moja. Sikuskia uchungu mbele, sikuskia uchungu nyuma. Mimi dawa nameza nikiumwa. Nikaiweka kwa kopo ya kakao. Hapo nilikosea, na nakuambia sasa hivi ndio usije ukanishika nayo baadaye.

Binti yangu akaja siku moja akafungua hiyo kopo akitafuta sukari.

Hakunipigia kelele. Yeye akikasirika anaongea pole pole kama mtu wa benki. "Mami. Hii ni nini?"

"Ni dawa ya daktari."

"Inafanya nini kwa kopo?"

"Imepumzika."

Akakaa chini. Halafu akasema, "Sawa. Kama kumeza imekushinda, iko njia ingine." Na hapo nikajua nimepatikana, kwa sababu mtu wa ofisi akisema iko njia ingine, hiyo njia ameshailipia.

Wiki mbili baadaye akarudi na chupa. Chupa kidogo ya glasi, kofia ya mpira, unga mweupe kidogo chini kabisa, unaona hata ni kama imeisha. Kama unafuga kuku unaijua hiyo chupa. Ni kama ile ya chanjo, ile unaongeza maji unatingisha. Nikamwambia, "Mami, kuku zangu nilichanja."

"Si ya kuku. Ni peptaidi."

"Ni nani huyo?"

Akatoa simu akanisikilizisha. Ilikuwa mwanamke anauza hizo vitu, sauti imepakwa mafuta. Nimeifanyia mazoezi, ngoja nikupatie. "Hello mabeauty wangu. Leo nataka tuongee kuhusu mitokondria. Mitokondria ni ile injini iko ndani ya seli yako. Ikilala, mafuta inajaa kwa damu, inajaa kwa tumbo, inajaa kwa mikono. Hii peptaidi yetu inaingia inaiamsha, mabeauty, na inachoma mafuta ukiwa umelala."

Ukiwa umelala. Hapo ndipo nilikasirika. Mimi kwa maisha yangu, kitu imewahi kufanyika nikiwa nimelala ni kuku kuibwa.

"Kwa hivyo mnataka mnidunge," nikamwambia.

"Mara mbili kwa wiki. Kwa tumbo. Husikii hata."

"Na nikikataa?"

Akaongea na hiyo sauti ya benki. "Ukikataa, mami, hizi kondoo zitauzwa, na unakuja kukaa na mimi Nyeri. Chumba yako iko tayari. Nimeweka kitanda, nimeweka kiti ya sofa, nimeweka tivii. Hutabeba kitu. Utaletewa chakula yako umekaa. Siwezi kuja hapa tena nikupate kwa kahawa."

Sasa unaona vile iko. Sindano, ama nihame. Shamba ni ya familia, yeye na kaka zake wameongea kwa simu wakamaliza, na hao kaka wanafuata huyu dada yao vile kuku inafuata mwanamke mwenye amebeba debe. Jumapili ijayo ndio alisema atakuja kunidunga ya kwanza. Hiyo chupa akaiacha kwa meza yangu. Akasema unga haiharibiki kabla ya kuwekwa maji. "Naacha hapa uizoee," akaniambia. Kama ni bibi mpya ameletwa boma.

Nikakaa na hiyo chupa. Asubuhi nikinywa chai iko hapo inaniangalia. Kitu ilikuwa inanisumbua si sindano. Nimezaa watoto sita, sindano ni nini. Kitu ilikuwa inanisumbua ni kwamba sijui kama ni uongo. Kama ni kweli inatoa mafuta, basi mimi ni mzee mkaidi na nitaangukia kwa kahawa kama mzee wangu, na binti yangu atarudia ile kazi ya kugeuza mtu. Kama ni uongo, kondoo zangu zitauzwa kwa sababu ya unga. Na mimi kusoma sijui. Nikashika hiyo chupa nikasema, hii nitaijua na vidole.

Nilikuwa na kondoo mbili wakati huo. Moja ilikuwa tayari, imeshapata mwenyewe. Ya pili ilikuwa imefika katikati, vidole vinazama lakini mfupa bado unasema hodi. Siku ya jumanne daktari ya ng'ombe akapita na pikipiki yake kupatia hiyo ya pili dawa ya minyoo. Huyu ni mtu wetu wa hapa hapa, nimemjua akiwa na kamasi, lakini ameenda shule ya wanyama na anavaa koti ya kijani. Akimaliza nikamletea chai, nikaweka ile chupa kando ya kikombe.

"Nidungie kondoo hii."

"Hii ni nini, Shosho?"

"Ni ya kutoa mafuta. Dunga leo, dunga ijumaa. Jumamosi mimi nitashika mgongo. Vidole vikipata mfupa, jumapili natoa tumbo yangu. Visipopata, binti yangu atarudi na chupa yake."

Akaishika akaigeuza kwa jua. Ilikuwa na karatasi imebandikwa, nyembamba kama ukucha. Akakunja macho. Na huyu mtu, sisi watu wa hapa tunamjua, ulimi yake haijawahi kukutana na herufi ya L. "Shosho, hii siwezi kudunga."

"Kwa nini? Kondoo ni yangu."

"Kondoo ni yako, raiseni ni yangu." Akaweka chupa chini kwa heshima, vile unaweka yai ya mtu mwingine. "Wewe unajua mimi nikidunga ng'ombe ya mtu, namwambia maziwa asikunywe siku ngapi. Nikidunga kondoo, namwambia nyama isikurwe siku ngapi. Sasa hii, nikikudungia hii kondoo, na watu wa harusi wakuje waikure, nitawaambia wangoje siku ngapi?"

"Si usome hapo."

"Nimesoma. Hakuna siku. Hakuna jina ya kampuni. Hakuna tarehe ya kuharibika. Iko maneno ya kizungu tu, inasema ni ya uchunguzi wa maabara. Si ya mtu na si ya mnyama."

"Soma tena."

Akasoma tena. Si ya mtu na si ya mnyama. Nikamwambia asome mara ya tatu, akasoma, na hiyo ya tatu nilikuwa nimeshaishika kichwani na sauti na L zote zimepotea.

Alikunywa chai yake akaenda. Mimi nikabaki nimesimama hapo nje na kamba kwa mkono. Nakuambia ukweli, nilikasirika kwanza na yeye. Nilikuwa nataka jibu. Halafu hasira ikageuka ikaenda barabara ya Nyeri. Kwa sababu kondoo yangu, ambayo tumeifunga gizani tukijua siku yake ya kufa, iko na mtu wa kuisimamia. Iko na koti ya kijani, iko na laisensi, iko na mtu wa kuuliza siku ngapi. Na mimi? Mimi niko na binti mwenye amesoma mpaka kwa chuo, na hiyo karatasi alikuwa nayo kwa mkono yake siku zote hizo.

Kesho yake nikateremka zahanati. Sikungoja gari, niliteremka na miguu, ndio daktari anipate na jasho aone mimi si mtu wa sofa.

Nikaweka chupa mbele yake. Akaisoma bila kuishika. "Sosho, hii umetoa wapi?"

"Wewe niambie ni nini kwanza, ndio nikuambie nimetoa wapi."

Huyu kijana ni mzuri, hajifanyi haraka. Akavuta kiti karibu na mimi. Akaniuliza kama najua posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi. Nikamwambia posho mill ya Gakindu naijua kabla hajazaliwa. Akasema, sawa, ndani ya nyama ya mwili wako, kila mahali, kwa moyo, kwa misuli ya mguu, iko vitu vidogo sana macho haiwezi kuona, kazi yake ni kama ya posho mill. Chakula inaingia, nguvu inatoka. Hiyo ndio mitokondria. Zamani watu wa sayansi walifikiria inasaga tu. Siku hizi wamegundua hizo mashine zinatuma ujumbe pia. Zinatengeneza vitu vifupi, kama shanga chache kwa uzi, zinaachilia kwa mwili, na hizo shanga zinaenda zikiambia mwili, tumia hii sukari, choma haya mafuta.

"Hizo shanga ndio peptaidi," nikasema.

"Hizo ndio peptaidi."

"Kwa hivyo ni kweli."

"Ni kweli ziko. Ngoja." Akainua kidole. "Wamechukua panya, wamewalisha mafuta. Wale wamedungwa hizo shanga hawakunenepa kama wenzao, na damu yao ikakaa vizuri kidogo. Hiyo ni panya. Kwa watu, Sosho, bado wanatafuta. Hakuna mtu amesema ni dawa. Mimi hapa siwezi kukupatia, na hakuna hospitali inaweza kukupatia. Na hii chupa, hata hatujui ndani ni hizo shanga ama ni unga ya mandazi."

Nikafikiria hao panya. Nilitaka kujua kama walikuwa wanatembea ama walikuwa wamefungiwa. Akasema wengi wamefungiwa.

"Kama kondoo yangu."

"Kama kondoo yako. Na iko kitu ingine nitakuambia lakini usinigeuzie maneno. Mwili ukizeeka, hizo shanga zinapungua. Lakini misuli ikifanya kazi, inaonekana mwili unazitengeneza zaidi, wenyewe, bure."

Hapo nikasimama. "Nikibeba nyasi?"

"Nilijua," akasema. "Nilijua utanigeuzia. Ndio, ukibeba nyasi. Lakini keti. Ile dawa nilikupatia, unameza?"

"Nameza."

"Ni rangi gani?"

Nikasema ni nyeupe. Si dawa zote ni nyeupe?

Ilikuwa ya rangi ya waridi. Nikaketi.

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Akaniambia, sauti chini, mafuta ya damu haina uchungu, ndio maana inaua watu wakiwa wanacheka. Akaniambia mguu wa nguvu hauzuii mshipa kuziba, na kilima peke yake haitoshi. Akauliza kama mzee wangu alikuwa mtu wa kukaa. Nikamwambia hapana, mzee wangu alikuwa mtu wa jembe, mwembamba kama mti wa maharagwe. Akasema, "Si unaona." Na hapo sikuwa na sauti ya kumwiga. Nikarudi nyumbani nikafungua kopo ya kakao, nikameza moja hiyo jioni, na nikaichukia, na kesho yake nikameza ingine.

Jumapili ikafika. Binti yangu akaja amevaa ya kanisa, na sindano zimefungwa kwa karatasi, na pamba, na spiriti. Ameleta na mandazi ya kunituliza. Akapanga vitu kwa meza. Akaangalia, chupa haiko.

"Mami, iko wapi?"

"Keti kwanza. Iko mtu alitaka kukusalimia." Nikasimama mbele yake, nikavuta nguo kama ni koti ya kijani, nikakunja macho, nikainua kidole kama kimeshika chupa. "Shosho, kondoo ni yako, raiseni ni yangu. Nyama isikurwe siku ngapi? Hakuna siku. Si ya mtu na si ya mnyama."

Akacheka. Hawezi kujizuia, tangu akiwa mdogo nikimwigia mtu lazima acheke, hata siku ya kichapo. Halafu akaacha. "Ulitaka kudunga kondoo dawa yangu?"

"Nilitaka. Alikataa. Daktari ya kondoo alikataa, mami. Alisema kondoo ni mtu wa maana sana hawezi kudungwa kitu haina jina. Kwa hivyo nikaletewa mimi."

"Hiyo huandikwa tu. Wanaandika hivyo ndio wasishtakiwe."

"Kwa hivyo uliisoma."

Akaanza kupanga zile sindano upya.

"Uliisoma na ukaniletea."

"Kwani mimi naweza kukuletea sumu?" Hapo sasa sauti ya benki ilikuwa imeisha, alikuwa anaongea kama vile alikuwa anaongea akiwa darasa la tatu. "Mimi mwenyewe najidunga. Wiki ya sita hii." Akavuta blauzi juu kidogo. Tumbo yake ilikuwa na alama, ya kijani, ya zambarau, ingine imevimba na ni nyekundu. "Kazini wote wananiita mama ya ofisi kwa sababu ya huu mwili, na mimi ndio mdogo wa hao. Na nikipanda ngazi naskia roho inagonga, nafikiria baba. Kila ngazi nafikiria baba. Na nikifikiria baba nafikiria wewe huku peke yako na hiyo kamba kwa kichwa."

Sikuwa nimejua hiyo. Nikamkaribia, nikaweka mkono kwa mgongo yake, vile naweka, bila kufikiria. Vidole vyangu vikazama. Wiki sita.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Naangalia kama hiyo unga imefanya kazi."

"Na imefanya?"

"Mami, kama ungekuwa wangu wa kuuza, leo ningeita mwenyewe."

Akanisukuma mkono. Alikuwa anacheka na analia. Na mimi nikaona hapo ndio mahali pa kusema, kwa sababu mtu akiwa analia na kucheka masikio imefunguka yote mbili. Nikamwambia, unataka kuniweka kwa chumba. Uniletee chakula nikiwa nimekaa. Nisibebe kitu, nisipande kilima, nione tivii. Hiyo kazi mimi naifanya miaka yote hii, hakuna mtu ananifunza. Najua inachukua miezi ngapi. Najua mwisho yake tunaita nani na tunaleta kisu gani. Mimi sitafungiwa. Kaka zako wakitaka kuuza kondoo wakuje wao wenyewe wazitoe, wanitoe na mimi, na wabebe, kwa sababu sitatembea hata hatua moja kuelekea hiyo gari. Na nikianguka kwa kahawa, nimeanguka kwa kahawa yangu. Lakini dawa ya daktari nitameza. Hiyo nakuahidi. Nilikosea, na nimeanza jumatano, hesabu hapo kwa kopo. Hiyo ingine ya bila jina haitaingia kwangu, na haitaingia kwako tena ukiwa chini ya hii mabati.

"Na kama dawa haitasaidia?"

"Kama haitasaidia, nitakuja Nyeri."

Nilisema hivyo. Sikuwa nataka kusema hivyo, lakini ilitoka, na akaishika haraka kama mtu amedaka glasi. "Miezi tatu," akasema. "Damu yako ikikataa kushuka, unakuja na miguu yako."

"Na wewe unaenda na mimi zahanati kesho. Hiyo nyekundu hapo kwa tumbo sipendi."

Tulienda. Daktari alimwosha hiyo kidonda, akamwandikia dawa, akamtoa damu na yeye. Chupa nilikuwa nimempatia aitupe pahali wanatupa sindano. Akamuuliza binti yangu maswali mingi, na mimi nikatolewa nje kama mtoto, nikabaki kwa benchi nikiigia wamama wengine vile muuzaji wa mabeauty anaongea. Mmoja wao aliacha kucheka kabla ya wengine, akashika mkoba yake vizuri kama mtu ako na chupa ndani. Sikumuuliza.

Hiyo miezi tatu sitakudanganya ati ilikuwa mizuri. Kila jioni simu inalia. "Mami, umemeza?" Nameza nikiwa naongea na yeye, ndio askie maji. Misuli ilinikata wiki za kwanza, daktari alikuwa amesema dawa ikinifanyia hivyo nimwambie, nikamwambia, akabadilisha dawa ikawa kidogo, na hiyo haikuniumiza. Mafuta ya nyama niliacha, na kwangu hiyo ni kazi, mtu anayeuza ngoima ataambiwa onja kila mahali. Nyasi nilibeba. Kilima nilipanda, na kila nikisimama katikati kupumua nilikuwa nafikiria hizo shanga, kama kweli ziko huko ndani zinatumwa ama zimezeeka na mimi. Sijui. Hakuna mtu anajua, hata huyo kijana mrefu. Na siku ingine nilipanda nikiogopa, hiyo sijamwambia mtu.

Siku ya karatasi binti yangu aliomba ruhusa kazini akakuja. Tukakaa mbele ya daktari, mami wawili, tumeshikana mikono chini ya meza. Alisoma pole pole. Mafuta ya damu ilikuwa imeshuka. Si yote. Akasema imeshuka ya kutosha na iendelee.

"Ni dawa," binti yangu akasema.

"Ni nyasi," nikasema.

"Ni yote mbili," daktari akasema, "na kama mtapigana, pigana huko nje."

Halafu nikapanda kwa mizani. Niko vile nilikuwa. Haikutoka hata kidogo. Daktari akaangalia mshale wa mizani, akaniangalia mimi, na nikamwambia kabla hajafungua mdomo, "Hii ni yangu, daktari. Hii niliolewa nayo."

Chumba ya Nyeri ilikaa mwezi mwingine bila mtu. Halafu binti yangu akanipigia simu mchana, nikiwa kwa kondoo, akaniambia amepatia mwalimu mmoja mwanamke akodishe, mtu ya kutoka upande wa Kakamega, mtulivu. Kitanda amemwachia, na sofa amemwachia. Aliniambia hivyo vile mtu anakuambia amekubali kitu bila kusema amekubali.

Nikamuuliza kama huyo mwalimu anaruhusiwa kutoka nje kutembea.

Akakata simu. Baada ya kidogo ikalia tena, na ni yeye, anauliza kama jana jioni nilimeza. Nikamwambia nilimeza, na ilikuwa kweli.